Goti Limebadilishwa, Mbona Bado Anachechemea?

Mama mmoja mwenye umri wa miaka sitini na kitu, mkazi wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliletwa kwangu na mwanawe anayefanya kazi mjini. Miezi minne kabla ya hapo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kubadilisha goti la kulia. Watoto walichanga fedha kwa muda mrefu ili mama yao aondokane na maumivu. Upasuaji ulikwenda salama, kidonda kilikauka, na picha ya eksirei ilionyesha kwamba goti bandia limekaa mahali pake. Hata hivyo aliingia chumbani mwangu akichechemea, mkono mmoja ukishika ukuta.

"Goti jipya nimetiwa, mwanangu," aliniambia, "lakini mwendo ni ule ule wa zamani."

Nilipomlaza chali sababu ilionekana. Goti lilikuwa halinyooki. Ngumi yangu ilipita kati yake na kitanda. Paja la kulia lilikuwa jembamba kuliko la kushoto. Nikamwuliza hulala vipi. Akajibu kwamba huweka mto chini ya goti usiku na mchana, maana ndivyo anavyopata nafuu. Alipotoka hospitali alipewa dawa na tarehe ya kurudi, lakini hakufundishwa zoezi hata moja.

Msomaji, kisa hiki si cha mama huyu peke yake. Upasuaji hubadilisha mfupa uliolika. Msuli uliodhoofika na mazoea ya kutembea vibaya havibadilishwi kwa kisu.

GOTI BANDIA NI NINI?

Katika goti zima, ncha za mifupa zimefunikwa kwa gegedu laini linaloteleza. Gegedu hilo likilika, mfupa husuguana na mfupa. Mpasuaji hukata tabaka jembamba la mfupa wa paja na la muundi, akazivika ncha hizo chuma, na katikati akaweka plastiki ngumu.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1890 huko Berlin, daktari Themistocles Gluck alimwekea msichana wa miaka 17, ambaye goti lake liliharibiwa na kifua kikuu, goti lililochongwa kwa pembe ya ndovu. Magoti ya aina inayotumika leo yalianza kuenea katika miaka ya 1970, na mengi hudumu miaka 20 au zaidi.

KWA NINI MGONJWA HUCHECHEMEA?

Kwanza, paja ni dhaifu. Msuli mkubwa wa mbele ya paja ndio unaolishika goti lisikunjike unapokanyaga. Kwa kawaida huwa umedhoofika kwa miaka ya maumivu, na katika mwezi wa kwanza baada ya upasuaji hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu iliyobaki. Uvimbe ndani ya goti nao huuzuia msuli kuitika amri ya ubongo. Usipofanyishwa kazi haurudi wenyewe.

Pili, goti halinyooki au halikunjiki vya kutosha. Goti lisilonyooka huufanya mguu uwe kama mfupi, na mtu hupinda kiuno kila hatua. Kutembea mahali tambarare huhitaji goti likunjike kiasi cha digrii 60, na ngazi huhitaji kama 90. Mto chini ya goti huleta raha ya saa moja na kilema cha miezi.

Tatu, mazoea. Aliyeuepuka mguu mmoja kwa miaka kumi huendelea kuuepuka hata maumivu yakiisha.

Nne, sababu zilizo nje ya goti. Huenda nyonga, mgongo au goti la pili ni bovu. Mguu uliokuwa umepinda ukinyooshwa, mgonjwa huhisi umekuwa mrefu; hisia hiyo mara nyingi hupungua baada ya miezi kadhaa. Mara chache mshipa wa fahamu huumia na unyayo ukaburura. Hilo lahitaji daktari mapema.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Siku hizi mgonjwa husimamishwa siku ile ile ya upasuaji au ya pili yake. Wengi huacha bakora kati ya wiki ya 6 na ya 12, lakini nguvu huendelea kurudi hadi mwaka mmoja. Fanya mazoezi haya mara tatu kwa siku, nusu saa baada ya kumeza dawa ya maumivu uliyoandikiwa:

1. Lala chali, bonyeza goti kuelekea kitandani huku ukikaza paja. Hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara 10.

2. Weka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino, goti libaki hewani lijinyooshe kwa uzito wake. Dakika 5 hadi 10.

3. Keti kitini, buruta unyayo nyuma polepole hadi unapoweza. Rudia mara 10.

4. Simama kutoka kwenye kiti kirefu, kisha keti taratibu. Anza kwa kushika mikono ya kiti.

Unapotembea, kisigino kitangulie kugusa ardhi na hatua za miguu yote ziwe sawa. Bakora ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa goti lililopasuliwa kama wengi wafanyavyo. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na uliopasuliwa hutangulia kushuka.

MAISHA YA SIYU NA GOTI JIPYA

Mawaidha ya hospitali ya mjini hudhani kwamba mgonjwa ana sakafu laini na choo cha kukalia. Siyu kuna njia za mchanga na mawe, na mashua huingia katika mkono wa bahari, kati ya mikoko, maji yakijaa. Mgonjwa asafiri wakati wa maji kujaa ili asitembee topeni, na ashikwe anapopanda na kushuka chomboni.

Magoti bandia mengi hukunjika hadi digrii 110 au 120. Kuchuchumaa huhitaji zaidi ya hapo. Basi choo kiwekewe kiti chenye tundu, ambacho seremala yeyote wa mtaani aweza kukitengeneza. Mbuzi ya kukunia nazi apewe mwingine. Katika sala, mgonjwa ana rukhsa ya kusali juu ya kiti.

Siyu imesifika tangu zamani kwa mafundi wa ngozi na makubadhi yao. Lakini kubadhi halishiki kisigino, na mvaaji hubana vidole ili lisivuke. Kwa miezi ya mwanzo vaa kiatu chenye kamba nyuma.

USINGOJE UKIONA HAYA

Shavu la mguu likivimba na kuuma, damu huenda imeganda. Ukipata pia maumivu ya kifua au pumzi ikikata, ni dharura. Homa, wekundu unaozidi au usaha ni dalili za maambukizi. Goti lililobaki gumu baada ya wiki 6 lionwe na mpasuaji, kwani kulikunja mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi hufaa zaidi likifanywa mapema.

Yule mama tulimwondolea mto, tukampeleka kwa mtaalamu wa tibamaungo, na mjukuu wake akafundishwa kumhesabia mazoezi. Baada ya miezi mitatu goti lilikuwa limenyooka kwa sehemu kubwa, ingawa si lote, na alikwenda kwa jirani na bakora yake bila kushika ukuta. Angeanza wiki ya kwanza, angefika mbali zaidi.

Ninyi mlioko mjini na mnaomchangia mzazi upasuaji wa goti, msiishie kwenye bei ya chuma. Kabla hajaingia chumba cha upasuaji, ulizeni ni nani atakayemfundisha mazoezi na ni nani nyumbani atakayemsimamia. Hesabu ya fedha iwe na nauli ya kumrudisha kliniki. Mzazi asirudishwe kijijini na goti jipya bila mtu wa kumfundisha kulitumia.