Kabla ya Kuingiza Namba za Kikundi Kwenye Simu, Itazame Sifuri ya Mwanzo

Makatibu wa vikoba, kwaya na kamati za harusi huniletea faili la Excel lenye majina na namba, wakitaka yote yaingie kwenye simu kwa mkupuo mmoja. Kuyaingiza ni kazi ndogo sana. Shughuli yenyewe iko kwenye safu ya namba.

Excel ikikuta 0712 na kuendelea, inadhani ni hesabu, na sifuri inayotangulia haina thamani kwenye hesabu, basi inaitupa. Ukianza na +255 inaondoa ile alama ya kujumlisha, na kwa kuwa tarakimu zinakuwa 12, mbele yako hutokea kitu kama 2.55712E+11. Kinga ni kuteua safu nzima kabla hujaandika chochote, kisha kuipa umbo la maandishi, yaani "Text".

Kama namba zimeshaharibika, ondoa kwanza nafasi na vistari, kisha kwenye safu ya pembeni andika ="+255"&RIGHT(B2,9) na uiburute hadi chini. Fomula hiyo haijali kama namba ilianza kwa 0, ilianza kwa 255 au ilibaki mkia tu, maana namba za simu za Tanzania zina tarakimu tisa baada ya msimbo wa nchi. Ila wajumbe wenye namba za Kenya watenge mapema, la sivyo utawahamishia Tanzania bila ridhaa yao.

Hifadhi faili kama CSV UTF-8. Ukichagua CSV ya kawaida, jina kama Ng'wandu linaweza kutokea na vidudu mahali pa ritifaa. Na ukishahifadhi, usilifungue tena kwa Excel "kuhakikisha tu". Italisoma upya kama hesabu, na ukibonyeza kuhifadhi, umerudi ulikotoka. Litazame kwa Notepad.

Vichwa vya safu usivibuni. Ingia contacts.google.com kwenye kompyuta, kwa akaunti ileile ya Google iliyo kwenye simu, toa nje mtu mmoja uliyekwisha kumhifadhi kama Google CSV, unakili vichwa vyake jinsi vilivyo. Cha simu husomeka "Phone 1 - Value". Halafu bonyeza "Import", chagua faili, ungoje. Mwisho ni watu 3,000 kwa mara moja, kiasi ambacho kikoba hakifiki.

Jaribu na majina matatu kwanza. Yakikaa sawa, pakia yote. Yakienda kombo, Google hukuruhusu kurudisha orodha ilivyokuwa ndani ya siku 30 zilizopita.

Na kama umefanyia kazi hii stesheneri, toka kwenye Gmail yako na ulifute faili, pamoja na nakala iliyobaki kwenye pipa la taka. Wanakikundi walimpa katibu namba zao, hawakumpa mwenye duka.