Kasi ya Intaneti Nyumbani na Suala la Kupandisha Kifurushi: Mfano wa Kimuka, Kajiado

Utangulizi

Intaneti ya nyumbani imeingia katika orodha ya malipo ya kila mwezi, pamoja na maji, umeme na karo. Shule na vyuo vya Kenya vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, sebule ziligeuka madarasa, na familia nyingi zikatambua kuwa mtandao unaosuasua humnyima mwanafunzi somo. Tangu hapo swali moja limekuwa likiulizwa: mtandao ukizorota, je, inafaa kulipia kifurushi cha kasi zaidi? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuitazama hali ya mkazi wa Kimuka, ng'ambo ya mji wa Ngong katika Kaunti ya Kajiado. Hoja ya msingi ni kuwa neno "kasi" limebebeshwa dhana tatu zilizo mbalimbali. Anayelipia dhana moja huku akizitarajia zote tatu huishia kupoteza fedha zake.

Dhana tatu katika neno moja

Dhana ya kwanza ni upana, yaani kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja. Huu ndio unaotangazwa na kampuni, nao hupimwa kwa megabiti. Ikumbukwe kuwa baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo faili ya gigabaiti 1 ina megabiti 8,000. Kwa kifurushi cha megabiti 15 kwa sekunde, faili hiyo hupakuliwa kwa takriban dakika 9. Kwa megabiti 30, dakika 4 na nusu. Kwa megabiti 80, sekunde 100.

Dhana ya pili ni uchelewaji, yaani muda ambao ombi huchukua kufika liendako na jibu kurudi. Bomba pana hutoa maji mengi, lakini halilisogezi tangi karibu na nyumba. Setilaiti za zamani za mawasiliano hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka, na safari hiyo pekee humaliza karibu nusu sekunde hata kama upana ni mkubwa. Setilaiti za Starlink, iliyoanza kutoa huduma nchini Kenya mwezi Julai 2023, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi. Ndiyo maana mazungumzo ya video huwezekana kupitia kwazo bila wasemaji kukatizana.

Dhana ya tatu ni uthabiti, yaani mtandao kubaki jinsi ulivyo asubuhi, jioni na wakati wa mvua. Hapa kifurushi hakina usemi mkubwa. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Aliyelipia kifurushi kikubwa na aliyelipia kidogo waliathirika pamoja.

Njia inayofika langoni

Kabla ya mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na ulimwengu. Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa mwezi Juni mwaka huo, Seacom ikafuata mwezi Julai, na EASSy mwaka 2010. Hata hivyo, kebo kufika Mombasa ni jambo moja, na waya kufika langoni ni jambo jingine. Katika mji kama Kitengela, wenye majumba mengi ya kupangisha, mlingoti mmoja wa faiba unaweza kuhudumia makumi ya wateja. Mahali ambapo nyumba zimeachana kwa mashamba na malisho, mlingoti huohuo huwahudumia wachache, na kampuni hukawia kurejesha gharama yake.

Kwa hivyo mkazi wa Kimuka hana budi kuuliza kwanza ni njia ipi iliyomfikia. Ikiwa ni faiba, upana anaoulipia huelekea kufika nyumbani. Ikiwa ni mawimbi ya mnara wa simu, majirani wote wanaugawana mnara huo, na mwinuko uliosimama kati ya mnara na nyumba hudhoofisha mawimbi. Setilaiti nayo haikosi mipaka: mwezi Novemba 2024, Starlink ilisimamisha kwa muda kuwapokea wateja wapya jijini Nairobi na katika kaunti za jirani, Kajiado ikiwemo, kwa kuwa uwezo wa mtandao wake huko ulikuwa umejaa. Iwapo mnara umelemewa kila jioni, kupandisha kifurushi ni sawa na kununua gari la mbio kwa ajili ya barabara yenye msongamano.

Hesabu ya matumizi

Mwezi Septemba 2024, Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya faiba ya nyumbani bila kupandisha bei. Kifurushi cha shilingi 2,999 kilitoka megabiti 10 hadi 15; cha shilingi 4,100 kikatoka 20 hadi 30; na cha shilingi 6,299 kikatoka 40 hadi 80. Kwa bei hizo, megabiti moja iligharimu takriban shilingi 200 katika kifurushi cha kwanza na shilingi 79 katika cha tatu. Hesabu hiyo huvutia, lakini megabiti isiyotumiwa haina urahisi wowote.

Tuchukue nyumba yenye mwanafunzi mmoja katika somo la video, runinga moja na simu mbili. Somo kwa njia ya Zoom halizidi megabiti 4 hivi hata picha iwe ya ubora wa juu. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa picha ya HD kamili. Simu mbili zikipewa megabiti 2 kila moja, jumla ni megabiti 13. Kifurushi cha 15 kinatosha, ingawa kwa shida. Runinga ikiwa ya 4K, inayohitaji megabiti 15, jumla hufika 23, na hapo kifurushi cha 30 kina sababu. Kutoka 15 hadi 30 ni nyongeza ya shilingi 1,101 kwa mwezi, yaani 13,212 kwa mwaka. Kutoka 30 hadi 80 ni shilingi 26,388 kwa mwaka, na nyumba hii haina kazi ya kuzipa megabiti hizo.

Vipimo kabla ya malipo

Hatua tatu zinafaa kutangulia uamuzi. Kwanza, kasi ipimwe kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, kisha ipimwe kwa waifai katika chumba cha mbali. Kipimo cha waya kikiwa kizuri na cha waifai kibaya, tatizo ni kuta za mawe au mahali ilipowekwa ruta. Kuihamishia katikati ya nyumba hakugharimu kitu. Pili, vipimo virudiwe alfajiri na saa mbili usiku. Tofauti kubwa huashiria msongamano nje ya nyumba, na dawa yake huenda ikawa kubadili njia badala ya kubadili kifurushi. Tatu, itazamwe pia kasi ya kupakia, kwa kuwa sauti na picha ya mwanafunzi husafiri kuelekea nje. Aidha, iwapo kinachokatiza masomo ni umeme kupotea, betri ndogo ya ruta itamfaa mwanafunzi kuliko megabiti 50 za ziada.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kupandisha kifurushi kunafaa pale tu ambapo upana ndio upungufu wenyewe: vipimo vya waya vinafikia kikomo cha kifurushi, na matumizi ya nyumba yanakizidi kikomo hicho. Penye uchelewaji au ukosefu wa uthabiti, fedha hizo zitafutiwe dawa nyingine. Wahenga walisema kuwa haraka haraka haina baraka. Kwa mlipaji wa intaneti, kupima kwanza ndiko kunakomlinda. Wapenzi wa Kiswahili nao wana wajibu hapa. Ikiwa matangazo na mikataba vitatenganisha "upana", "uchelewaji" na "uthabiti", mzazi wa Kimuka ataweza kudai kwa jina kile hasa anachokikosa.