Ukinzani na Upatanisho: Mbinu za Kimfumo za Uvumbuzi katika Usanifu wa Violesura vya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna mbinu ya kimfumo ya kutatua matatizo ya uvumbuzi, iliyoasisiwa na Genrich Altshuller, inavyoweza kutumika katika usanifu wa violesura vya kompyuta na simu vinavyotumia Kiswahili. Mfano unaochambuliwa ni upatanisho wa kisarufi katika jumbe zenye nafasi ya kujazwa. Tunadai kwamba tatizo hili, ambalo huelekea kuchukuliwa kuwa udhaifu wa lugha, ni ukinzani wa kiusanifu, na kwamba nyenzo za kuuondoa zimo ndani ya sarufi ya Kiswahili yenyewe.

1.0 Utangulizi

Kiolesura ni sehemu ya programu ambamo mashine na mtumiaji hukutana: menyu, vitufe, maelekezo na jumbe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye kiolesura cha Kiswahili. Kazi ya namna hiyo huzua kwanza swali la istilahi. Swali hilo ni muhimu, lakini si gumu kuliko yote. Istilahi isiyopendeza huweza kuzoeleka. Sentensi isiyo na upatanisho haizoeleki, na mtumiaji anayeiona mara kwa mara hurudi kwenye kiolesura cha Kiingereza akiamini kwamba Kiswahili hakifai kwa kazi hiyo.

Jumbe nyingi za programu huundwa kwa nafasi ya nomino ikifuatwa na kitenzi kisichobadilika. Nomino yoyote ikiingia katika nafasi hiyo, kitenzi cha Kiingereza hubadilika kwa idadi tu. Katika Kiswahili hali ni tofauti:

(1) (a) Faili imefutwa.
(b) Kiungo kimefutwa.
(c) Jedwali limefutwa.
(d) Ujumbe umefutwa.
(e) Mtumiaji amefutwa.

Tungo hizi tano zinatokana na ujumbe mmoja wa Kiingereza. Tukiongeza wingi, tunapata pia zimefutwa, vimefutwa, yamefutwa na wamefutwa. Je, mwanaprogramu aandike jumbe ngapi?

2.0 Mbinu ya Altshuller

Altshuller (1926–1998) alianza utafiti wake mwaka 1946 mjini Baku, alipokuwa akishughulikia maombi ya uvumbuzi katika jeshi la majini la Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1956 yeye na Rafael Shapiro walichapisha makala yao ya kwanza kuhusu suala hilo. Mbinu iliyokua kutokana na kazi hiyo hujulikana kwa kifupisho cha Kirusi, TRIZ. Kutokana na uchunguzi wa hataza nyingi, Altshuller alibainisha kanuni 40 za uvumbuzi na jedwali la ukinzani lenye vigezo 39.

Dhana tatu zinatuhusu hapa. Ya kwanza ni ukinzani: kitu kimoja hutakiwa kuwa na sifa mbili zinazopingana. Mvumbuzi hodari hatafuti suluhu ya nusu kwa nusu, bali huuondoa ukinzani wenyewe. Ya pili ni utenganishaji: sifa zinazopingana huweza kutenganishwa kwa wakati, kwa mahali, kwa sharti, au kati ya kitu kizima na sehemu zake. Ya tatu ni tokeo bora kabisa: kazi ifanyike yenyewe, kwa kutumia nyenzo ambazo tayari zimo katika mfumo.

Tatizo letu sasa linaweza kuelezwa kwa usahihi. Ujumbe uwe mmoja, ili programu iwe rahisi kutunzwa. Na ujumbe huohuo uwe mwingi, ili upatane na kila ngeli.

3.0 Uchambuzi

3.1 Suluhu za nusu kwa nusu

Suluhu ya kwanza ya aina hii ni mkwaju: “a/i/ki/li/u-mefutwa”. Ya pili ni kuzilazimisha nomino zote kuchukua upatanisho wa ngeli moja, hata tukapata *mtumiaji imefutwa. Zote mbili huuacha ukinzani ulipo na kumtwisha msomaji mzigo. Ya pili ni mbaya zaidi, kwani huifundisha jamii Kiswahili cha mashine.

3.2 Kutenganisha kwa wakati

Kanuni ya 10 ya Altshuller inahusu kutenda mapema. Kila nomino inayoweza kujaza nafasi ihifadhiwe katika leksikoni ya programu pamoja na viambishi vyake vya upatanisho. Ujumbe wenyewe uandikwe mara moja. Ujumbe unabaki mmoja wakati wa kuandikwa, na unakuwa mwingi wakati wa kusomwa.

Hata hivyo, mwanaisimu anapaswa kutoa tahadhari mbili. Kwanza, ngeli haiwezi kukisiwa kwa umbo la nomino. Kiongozi ana umbo la ki-, lakini upatanisho wake ni wa viumbe hai: kiongozi amefutwa. Pili, kuunganisha viambishi si kujumlisha herufi. Katika ukanushi tunapata hakijafutwa na haijafutwa, lakini nafsi ya tatu umoja ni hajafutwa, si *haajafutwa. Kwa hiyo leksikoni ihifadhi viambishi vya uyakinishi na vya ukanushi kila kimoja mahali pake.

3.3 Kutumia mpatanishi

Kanuni ya 24 inapendekeza kitu cha kati. Tungo “Kitu kimefutwa: jedwali” haina kosa la upatanisho, kwa kuwa kitenzi kinapatana na kitu daima. Lakini “Kitu kimefutwa: mtumiaji Asha” ni sahihi kisarufi na ni utovu wa adabu. Nomino jina inafaa zaidi: “Jina limefutwa: Asha”. Mfano huu unaonyesha kwamba uteuzi wa mpatanishi ni suala la pragmatiki, wala si la sintaksia peke yake.

3.4 Kuelekea tokeo bora kabisa

Je, sarufi yenyewe ina nyenzo ya kuuondoa ukinzani? Tunaamini inayo. Kitenzi-jina huwa na upatanisho wake wa ku-, bila kujali nomino inayofuata:

(2) (a) Kufutwa kwa jedwali kumekamilika.
(b) Kufutwa kwa viungo 3 kumekamilika.
(c) Kufutwa kwa watumiaji 3 kumekamilika.

Hapa nomino ya ngeli yoyote, ya umoja au wingi, inaingia bila kubadili chochote. Muundo wa “Umefuta viungo 3” unakaribia ubora huo, kwa sababu kitenzi kinapatana na mtumiaji wa programu. Lakini kwa viumbe hai kiambishi cha mtendwa huhitajika, umemfuta au umewafuta, na ukinzani unarudi kwa mlango wa nyuma.

Nyenzo nyingine ni tarakimu. Mzizi wa namba mbili hubadilika kwa ngeli: viungo viwili, majedwali mawili, watumiaji wawili. Tukiandika “viungo 2”, msomaji hujaza upatanisho mwenyewe bila kutambua. Hii ndiyo kanuni ya 25, ya kitu kujihudumia. Sharti ni kwamba nafasi ya namba ihamishwe iifuate nomino, kinyume cha mpangilio wa Kiingereza.

4.0 Mipaka ya mbinu

Kwanza, vigezo 39 vya Altshuller vilitokana na uhandisi wa vitu kama uzito, kasi na joto. Heshima, ulaini wa usemi na mazoea ya wasemaji havimo. Ndiyo maana tumetumia dhana za ukinzani na utenganishaji na kuliacha jedwali lake.

Pili, kila suluhu ina gharama. Tungo (2c) ina herufi, tarakimu na nafasi 36; “Watumiaji 3 wamefutwa” ina 21. Katika ujumbe mfupi wa simu, ambao kwa alfabeti ya kawaida ya mtandao wa simu una nafasi 160 tu, tofauti hiyo si ndogo. Aidha, kitenzi-jina kikirudiwa mno hutoa harufu ya barua za ofisini.

Tatu, msomaji asiyeona hutegemea programu inayosoma skrini kwa sauti. Programu hiyo ikikuta “viungo 2” lazima itamke viwili. Ukinzani uliofichwa na maandishi hufichuka katika sauti, na leksikoni yenye ngeli inahitajika tena.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mbinu ya Altshuller haimpi msanifu jibu moja. Inamzuia kuridhika na jibu bovu. Pale penye nafasi ya kutosha, kitenzi-jina kinatosheleza. Pale penye ufinyu au panapohitajika sauti, leksikoni yenye ngeli haiepukiki. Kazi ya kuiandaa leksikoni hiyo ni ya wanaisimu. Mwanaprogramu hawezi kuamua peke yake kama wingi wa faili ni faili zimefutwa au mafaili yamefutwa. Ngeli za Kiswahili hazikuwahi kuwa kikwazo kwa mashine. Kikwazo ni kiunzi cha sentensi kilichochongwa kwa lugha nyingine, kisha Kiswahili kikaambiwa kijibane kiingie.