Kipimo cha Sukari Kinachobandikwa Mkononi

Msomaji mwenye kisukari, uwe Thika au Ruiru, huenda umesikia kuhusu kipimo kinachobandikwa mkononi kwa siku kadhaa. Uzi wake mwembamba hukaa chini ya ngozi na kupima sukari katika majimaji ya mwili, wala si katika damu. Mwili huuona uzi huo kama mvamizi na kuushambulia. Ndiyo sababu hufunikwa kwa utando laini wa plastiki unaopitisha sukari na kupunguza mashambulizi hayo.

Hata hivyo, siku ya kwanza, au ukiulalia mkono, kipimo chaweza kukupotosha. Kisipolingana na unavyojisikia, usikimbilie insulini. Pima damu ya kidole. Nawa mikono kwanza, kwani maji ya nanasi ulilomenya yatapandisha hesabu. Ukitetemeka na kutokwa na jasho, kunywa maji yenye sukari mara moja, kisha upime.