Je, Yafaa Kutia Dawa Katika Oili ya Injini?

Wasomaji wenzangu, wengi wetu tutakapotoka hapa shuleni tutafanya kazi penye motokaa, na baadhi yenu ndugu mliotutangulia mnazo tayari. Kwa hiyo naona vema tulizungumze jambo hili, kwani laweza kumwokolea mtu fedha zake.

Likizo iliyopita nilikaa kwa mjomba wangu, Masaka. Yeye ana pikapu kuukuu ya petroli, ambayo huchukua ndizi mpaka Kampala, mwendo wa kilomita 130 hivi. Karo yangu hutoka katika pikapu hiyo. Injini ilikuwa ikitoa moshi wa buluu na kula oili. Mchuuzi mmoja akamwuzia chupa ya dawa ya kutia katika oili, akasema, "Mzee, hii itaiponya injini, wala huna haja ya kubadili oili upesi." Mjomba akaamini. Moshi ulipungua muda wa majuma mawili, kisha ukarudi mwingi kuliko kwanza.

Tukaenda kwa fundi, naye akanieleza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Pistoni huvikwa ringi, na kazi yake mojawapo ni kukwangua oili isipande mahali petroli inapowaka. Ringi zikilika, oili hupenya. Dawa nyingi za namna ile ni nzito kama asali. Oili ikiwa nzito haipenyi upesi, basi moshi hupungua. Lakini ringi iliyolika haioti tena kama ukucha. Tena oili nzito mno hukawia kufika kwenye vyuma vya juu asubuhi, injini ikiwa baridi, na vyuma vikikosa oili husagana.

Yatupasa kujua pia ya kwamba oili nzuri ya dukani imekwisha kutiwa dawa zake kiwandani. Ziko za kuosha masizi, za kuushika uchafu uelee usigande, za kuzuia povu na kutu, na zenye zinki na fosforasi, ambazo hulinda vyuma vinavyosuguana. Zote hupimwa zipatane, kama mpishi apimavyo chumvi. Mchuzi uliokwisha kukolea, ukiongeza chumvi huongezi utamu. Fosforasi ikizidi huharibu chombo cha kusafisha moshi kilichomo katika bomba la motokaa za siku hizi.

Wala si sisi tu tulioahidiwa makubwa. Huko Marekani, mwaka 1997, tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara ilifikia mapatano na wenye dawa iitwayo Slick 50, baada ya kuwashtaki kwamba matangazo yao yalidai mambo yasiyo na ushahidi wa kutosha.

Je, dawa zote ni bure kabisa? La, sisemi hivyo. Ziko injini za zamani ambazo zahitaji zinki nyingi kuliko iliyomo katika oili nyingi za siku hizi. Lakini hata hizo, ni afadhali kununua oili iliyotengenezwa kwa ajili yake kuliko kuchanganya mwenyewe kwa kukisia.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusome kitabu cha motokaa, tutie oili ya namba iliyoandikwa humo. Pili, tuchomoe kijiti na kupima oili mara kwa mara, motokaa ikiwa mahali tambarare na injini imezimwa. Tatu, tubadili oili na chujio kwa wakati wake, na mapema zaidi kwa motokaa ipitayo barabara za vumbi. Nne, injini ikianza kula oili, tumwite fundi kabla ya mchuuzi.

Fundi alipomwaga oili ya mjomba, ilitoka nyeusi na nzito kama lami, na chujio lilikuwa limeziba, kwa kuwa mjomba alitegemea chupa akaacha kubadili. Bei ya chupa ile ingetosha kununua chujio jipya. Sasa zilihitajiwa ringi mpya, na fedha zilizozinunua ndizo zilizokuwa za karo yangu. Nilirudi shuleni nimechelewa juma zima. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.