Harufu ya Pilipili Manga kwa Mgonjwa Anayepaliwa

Daktari, baba alipata kiharusi na kila akinywa maji anapaliwa. Nasikia kuna wagonjwa wanaonusishwa harufu ili wameze. Ni kweli?

Ni kweli. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walichapisha matokeo ya wazee 105 wenye shida ya kumeza, waliokuwa katika makazi ya wazee. Kwa siku 30, kabla tu ya kila mlo, baadhi walinusishwa kwa dakika moja mafuta ya pilipili manga, wengine ya lavenda, wengine maji matupu. Waliopewa pilipili manga walianza kumeza upesi kuliko awali, na damu yao ikawa na substansi P nyingi zaidi, kemikali inayoamsha koo kumeza na kukohoa.

Mimi kinachonipa moyo ni hiki: mazoezi ya koo yanamtaka mgonjwa aelewe maelekezo na ayafuate. Wengi baada ya kiharusi hawawezi. Kunusa hakumdai chochote.

Pua na koo vinahusianaje?

Kitunguu kikikaangwa, mate hujaa kinywani kabla hujaonja kitu. Kumeza kumeshaanza kuandaliwa ubongoni. Kiharusi huichelewesha kazi hiyo, kwa hiyo maji hufika kooni wakati njia ya hewa bado iko wazi. Katika utafiti ule, picha zilionyesha damu ikiongezeka kwenye insula, sehemu ya ubongo inayoshiriki katika kumeza.

Pilipili manga tunayo jikoni. Niisage nimnusishe?

Hapana, tafadhali. Unga utampigisha chafya na anaweza kuuvuta mapafuni. Kilichotumika ni harufu ya mafuta yake tu. Zungumza kwanza na wanaomtibu.

Akishanusa, nimpe uji?

Harufu haimpi ruhusa ya kula. Lazima apimwe kumeza kwanza, maana kwa baadhi ya wagonjwa chakula huingia mapafuni bila hata kikohozi, na nimonia inayofuata huua. Akiruhusiwa, mkalishe wima, mpe vijiko vidogo, asubiri ameketi kama nusu saa baada ya kula. Msafishe kinywa kila siku, hata kama analishwa kwa mpira. Vijidudu vya kinywani ndivyo vinavyoshuka mapafuni. Ukisikia sauti yake imekuwa ya majimaji baada ya kumeza, acha kumlisha na umrudishe hospitali.