Mwenye Wazimu: Adhulumu au Adhulumiwa?

Ijulikane ya kwamba watu wengi wakimwona mwenye wazimu njiani huwaita watoto wao ndani, na ukizuka uovu mtaani huyo ndiye wa kwanza kutajwa. Hofu hii yapasa kupimwa.

Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.) aliletwa mwanamke mwenye wazimu aliyezini, ikaamriwa apigwe mawe. Sayyidna Ali (R.A.) akawakuta njiani wampeleka, akaamuru arudishwe, akamkumbusha Khalifa ya kuwa mwenye wazimu haandikiwi kosa hata apate akili, kama aliyelala na mtoto mdogo. Mwanamke akaachwa. Hayo wengi wayajua. Lakini katika riwaya moja ya Abu Daud mna neno lisilosomwa sana: Ali alisema huenda mwanamume yule alimwingilia hali yumo katika balaa lake. Basi aliyeletwa kuwa mkosa, yamkini ndiye aliyekosewa. Na mwanamume hakuletwa!

Ama wataalamu wa zama hizi wamehesabu. Huko Sweden, hesabu iliyotolewa mwaka 2006 ilionyesha ya kuwa katika kila makosa 100 ya jeuri, yapata 5 tu yaweza kunasibishwa na maradhi makubwa ya akili. Si kwamba hatari haipo. Ipo, nayo huzidi sana mgonjwa akiingia katika ulevi. Na huko Chicago, Marekani, waliulizwa wagonjwa 936, khabari zao zikatolewa mwaka 2005: zaidi ya robo yao walikuwa wamefanyiwa jeuri katika muda wa mwaka mmoja, wakapigwa, wakanyang'anywa, au wakaingiliwa kwa nguvu. Kiasi hicho ni zaidi ya mara 11 ya kile cha watu wengine. Wala sababu haikufichika: mgonjwa aliyetupwa na jamaa zake hulala nje, na akishitaki haaminiwi.

Mafakihi waliziangalia pande zote mbili. Mwenye wazimu akiharibu mali ya mtu hana dhambi, lakini fidia hutolewa katika mali yake, na mwenye kuitoa ni walii wake. Walii huyo huyo, mgonjwa akidhulumiwa, ndiye asimamaye mbele ya kadhi kumdaia haki yake, kwani mwenyewe hawezi kujidaia.